Sura ya Tano: Hita Iliyozimwa kwa Mkono

Ndani ya boti kulikuwa na baridi kuliko nje. Sajenti Truphosa Amalemba alisimama katikati ya ujia, mikono kwenye mifuko ya koti, akasubiri macho yake yazoee giza la mapazia yaliyofungwa. Hakugusa kitu. Alikuwa na desturi ya kukaa kwanza na mahali kabla ya kuanza kuuliza maswali, na wenzake kituoni walimtania kwamba hata kuagiza chai huhitaji ushahidi wa pande mbili.

Ilikuwa boti ya kuishi kwenye mfereji wa Uingereza, ndefu kama basi mbili zilizofuatana, na nyembamba hata watu wawili hawakuweza kupishana bila mmoja kujibanza ukutani. Kuta zilikuwa za chuma, na chuma kikishapoa hakimwonei mtu huruma. Maji ya mfereji yalikuwa yameshika barafu nyembamba, na ng'ambo ya miti treni ya Perry Barr ilisikika ikipunguza mwendo.

Mwenye boti, Kewal Singh Bhogal, mzee wa miaka sabini na kitu, mzaliwa wa Kisumu na dereva mstaafu wa basi za mjini, alikuwa hospitalini tangu juzi. Mhudumu aliyekuja kumwangalia asubuhi na jioni, mwanamke wa Kisii aitwaye Kwamboka, alimkuta ameketi kwenye kiti chake, blanketi mabegani, mwili umepoa, pumzi ikihesabika kwa shida. Hita ilikuwa imezimwa. Betri ya akiba nayo ilikuwa imezimwa. Lakini taa ya mezani ilikuwa inawaka.

Taa hiyo ndiyo iliyofanya polisi waitwe. Taa ikiwaka, maana yake umeme upo. Na umeme ukiwapo, hita ya mzee haizimiki yenyewe. Mtu aliizima. Ranvir, mtoto wa kaka yake Kewal, alikuwa amelisema hilo mbele ya kila aliyemsikiliza, na jina alilolitaja lilikuwa moja. Mtu wa mwisho kuingia botini jioni ile ni Kwamboka. Mtu wa kwanza kuingia asubuhi ni Kwamboka.

Shirika lililomwajiri lilikwisha kumsimamisha kazi, na mchana wa leo lingekaa kuamua kama limfukuze. Ni shirika hilo lililomleta Uingereza. Kibali chake cha kuishi kilifungwa kwenye kazi hiyo. Akifukuzwa, angerudi Kisii akiwa na jina la mtu aliyemwacha mzee agande.

Na alikuwa ameyazidisha mambo kwa ulimi wake mwenyewe. Siku ya kwanza aliulizwa kama amewahi kugusa swichi ya hita au ya betri. Alijibu hajawahi. Alama za vidole vyake zilipatikana kwenye zote mbili.

"Kesi imejifunga yenyewe," alisema Konstebo Hadley, mtu wa makamo kutoka Erdington, aliyekuwa amekaa ngazini akipuliza viganja vyake. Yeye ndiye aliyeandika taarifa ya kwanza, na aliiandika vizuri. "Mimi ningekuwa ofisini sasa hivi."

"Nenda ukapate moto. Mimi sijamaliza kusimama."

Hadley hakwenda. Alimwelekeza chini ya benchi, ambako kisanduku cheusi kilikaa kikiwa na waya mbili nene. Truphosa alichuchumaa, akavaa glavu.

Ranvir alikuwa amekwisha kumweleza jinsi vitu hivyo vinavyofanya kazi, na yeye alikuwa amesoma mengine jana yake mpaka akaelewa. Hita ilichoma dizeli, lakini bila umeme kidogo wa kuzungusha feni na kusukuma mafuta isingeweza kuwaka. Umeme huo ulikuja kwa kebo kutoka kwenye nguzo iliyosimama gatini. Kwa kuwa nguzo za gatini si za kutegemea majira ya baridi, Ranvir alinunua betri ya akiba na kuifunga mwenyewe. Nguzo ikizimika, kisanduku hushika kazi chenyewe na kuendesha hita, na hita peke yake, mpaka asubuhi.

Truphosa alibonyeza kitufe. Vitaa vya kijani viliwaka vyote.

"Imejaa," alisema.

"Ndiyo. Haikutumika hata kidogo. Ilizimwa kabla ya kuhitajika."

"Au ilipohitajika tu."

Alisogeza tochi karibu na swichi ya kisanduku. Pembeni yake kulining'inia kipande cha plasta nyeupe, ile ya kufungia bandeji, kimeshika upande mmoja, upande wa pili umebanduliwa na kujikunja. Juu ya swichi yenyewe kulibaki alama ya gundi. Alikipiga picha, akamwita Hadley akione. Hadley alikiangalia kwa muda na kukiri kwamba hakukiona mwanzoni. Hakujua maana yake, na Truphosa naye alisema hajui.

Kisha alianza kutembea kutoka upande mmoja wa boti hadi mwingine, polepole, akisoma soketi moja baada ya nyingine. Plagi ya televisheni ilikuwa imechomolewa. Ya redio imechomolewa. Ya friji ndogo, ya birika, ya chaja ya simu, zote ziko nje, na kila waya ulikuwa umekunjwa na kuwekwa juu ya kitu chake.

"Nyinyi hamkuzichomoa?"

"Tulizikuta hivyo. Iko kwenye taarifa." Hadley alisimama. "Ndiyo maana nasema aliyefanya hivi hakutaka kubahatisha. Amezima kila kitu."

Truphosa aliinua waya wa televisheni kwa kidole kimoja. Ulikuwa umekunjwa mara kadhaa na kufungwa kwa mkia wake wenyewe.

"Ukitaka mtu agande," aliuliza, "televisheni ina kosa gani?"

Hadley aliutazama waya. Alikuwa mtu mwaminifu, na swali lilimkaa. Hatimaye alisema labda mtu huyo alikuwa na haraka, akachomoa kila alichokiona.

"Mwenye haraka hakunji waya."

Alifika kwenye taa ya mezani. Plagi yake ilikuwa ndani ya soketi, swichi imewashwa. Ni kitu kimoja tu katika boti nzima kilichoachwa. Kisha aliangalia kiti. Viti vya boti kama hizi hutazama dirishani, kwa sababu hakuna kingine cha kutazama. Zulia chini ya kiti cha Kewal lilikuwa na mashimo manne ya miguu yake, yaliyoelekea dirishani kwa miaka. Lakini kiti chenyewe kilikuwa kimegeuzwa. Kilitazama taa.

Truphosa alisimama pale kwa muda mrefu hata Hadley akadhani ameona panya.

"Niambie," alisema Truphosa, "kwenu umeme ukikatika mnafanya nini?"

Hadley alisema hukatika mara moja kwa miaka mingi. Mkewe huwasha mshumaa, yeye humpigia simu jirani aone kama na kwake umekatika, kisha wanakwenda kulala.

"Hamchomoi kitu?"

"Tuchomoe nini, kwa sababu gani?"

Basi Truphosa akamweleza. Alimwambia kwamba mahali alikokulia, Kakamega, umeme haukurudi kama ulivyoondoka. Uliondoka kimya ukarudi kwa nguvu, na nguvu hiyo iliua friji za watu na kuunguza redio. Kwa hiyo stima ikipotea, kabla hata ya kutafuta kiberiti, mama hupiga kelele kutoka jikoni na watoto hutawanyika nyumba nzima gizani wakichomoa plagi kwa kupapasa. Huachwa balbu moja tu, imewashwa, kwa sababu balbu ni ya bei ndogo, na bila hiyo utajuaje kwamba stima imerudi? Halafu mnaketi mnaitazama.

Hadley aligeuka akaitazama taa, akakitazama kiti.

"Lakini umeme haukukatika," alisema. "Taa ilikuwa inawaka."

"Asubuhi ilikuwa inawaka. Twende tukamwulize mwenye nguzo."

Mwenye nguzo alikuwa Lakhbir, msimamizi wa gati, mtu wa Handsworth mwenye ndevu nyeupe na buti za mpira, ambaye walimkuta akivunja barafu kwa mti mrefu. Truphosa hakumwuliza kama umeme ulikuwepo. Alimwomba amsimulie jinsi usiku ule ulivyopita, tangu alipofunga lango.

Lakhbir alisimulia bila wasiwasi. Baada ya chakula cha jioni barafu iliingia kwenye nguzo ya mwisho, ile inayolisha boti ya Kewal na nyingine isiyo na mtu, nayo ikajikata, umeme ukapotea. Yeye hakujua mpaka alipoamka kabla ya mapambazuko kwenda kupitia nguzo zake. Aliikausha, akaiwasha tena, taa ya Kewal ikawaka dirishani, akaona mambo ni shwari akaenda zake.

"Mbona hukumwambia konstebo?"

"Aliniuliza kama asubuhi kulikuwa na umeme," alisema Lakhbir, akimtazama Hadley bila kinyongo. "Nikasema ndiyo. Si ulikuwepo?"

Hadley alikubali kwamba ndivyo alivyouliza.

Truphosa aliomba jaribio: Lakhbir aikate nguzo akimpa ishara. Alirudi botini, akarudisha plagi zote, akawasha hita na kisanduku, akasubiri mpaka feni iingie kwenye mvumo wake wa kawaida na vyuma vya radieta vianze kupata uvuguvugu. Kisha akamwashiria Lakhbir kwa mkono kupitia dirishani.

Taa ilizimika. Feni ilisita, ikashusha sauti hadi karibu ya kufa, kisha ikapanda tena ghafla, juu kuliko mwanzo, kabla ya kutulia. Na chini ya benchi kisanduku kilianza kulia, mlio mkali wa kukatakata, kikijulisha kwamba kimeshika kazi.

Hadley aliruka. "Kitu gani hicho?"

"Hicho ndicho alichokisikia. Yuko peke yake, gizani. Hita inashuka na kupanda kama inayotaka kuungua, na kitu kinapiga kelele chini ya benchi." Truphosa alinyoosha mkono akazima kisanduku. Mlio ulikoma, feni ikakoma, boti ikawa kimya kabisa. "Ungefanya nini?"

"Na alikuwa anaokoa hita," alisema Hadley polepole. "Taa iliporudi, baridi ilikwisha kumshinda."

"Sina uhakika bado. Ni kisa tu, kinakaa vizuri. Kuna plasta, na kuna alama za vidole za mtu aliyesema hajawahi kugusa. Nataka nijue anaficha nini."

Ofisi ya shirika la wahudumu ilikuwa juu ya duka, hatua chache kutoka stesheni ya Perry Barr. Kwamboka alikuwa ameketi kwenye benchi la ukumbini, koti limefungwa vifungo vyote, mkoba juu ya magoti, kama mtu anayengojea basi ambalo hataki kulipanda. Truphosa alimwona meneja, mama wa Kisomali aitwaye Deeqa, akamwomba chumba kidogo na muda kabla ya kikao. Deeqa alitoa chumba. Muda alisema hawezi kuahidi. Wakubwa wake walitaka jambo hili liishe leo.

Truphosa aliwasha kinasa sauti, akamsomea Kwamboka haki zake kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili, akamwuliza anataka lugha ipi. Kwamboka alisema yoyote, mradi iishe.

"Dada, uliulizwa kama umewahi kugusa swichi zile. Ulisema hapana."

"Nilisema."

"Alama zako ziko pale."

"Basi mnajua. Sasa mnaniuliza nini tena?"

"Nakuuliza ni nani aliyebandika plasta."

Kwamboka aliukaza mkoba magotini. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye macho ya mtu aliyekatizwa usingizi, na mpaka hapo alikuwa amejibu kila kitu akitazama ukuta. Sasa alimtazama Truphosa usoni.

"Afande, wewe unaishi hapa kwa karatasi gani?"

"Za kudumu."

"Eh. Basi usinishangae."

Truphosa alimsogezea kinasa sauti. Nje dirishani mtu aliita basi limngojee.

"Ilikuwa mwezi wa kumi na moja," alisema Kwamboka. "Niliingia jioni, boti giza, baridi kama kaburini. Mzee ameketi na koti lake, ametulia tu, anaangalia taa iliyozima. Nikamwuliza, mzee, unafanya nini hapa gizani? Akaniambia, nangojea stima irudi."

Mengine aliyaeleza bila kuulizwa, kwa sauti ya mtu anayetua mzigo. Siku ile nguzo ilijikata mchana. Mzee alikuwa amechomoa kila kitu na kuzima kisanduku, na wakati Kwamboka anafika vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi ingawa bado alizungumza na hata kumtania. Kwamboka alikiwasha kisanduku, akaiwasha hita, akamchemshia chai kwenye jiko la gesi, akamsugua mikono. Alimweleza kwamba hapa si Kisumu, kwamba kisanduku kile ndicho stima yenyewe, akikizima hakuna kitakachorudi. Mzee alielewa. Alielewa kabisa, alicheka na kujiita mpumbavu. Halafu alimshika mkono akamwomba asimwambie Ranvir. Ranvir alikuwa amemtengea chumba nyumbani kwake Sparkhill na alingojea sababu moja tu ya kumtoa botini.

Kanuni za kazi zilitaka jambo kama hilo liripotiwe siku ileile. Kwamboka alijua. Alitoa plasta kwenye mkoba wake akaibandika juu ya swichi ili mkono wa mzee ukiifikia ukumbuke.

"Nilidhani plasta inatosha," alisema.

"Kwa nini hukusema juzi?"

"Niseme nini? Nikisema, nimekiri nilinyamaza, wananifukuza. Nisiposema, wananifukuza. Nikaona afadhali nifukuzwe mzee akiwa bado na boti yake."

Truphosa alimwuliza kama kuna mtu mwingine aliyejua habari ya Novemba. Kwamboka alisema ni wao wawili tu, yeye na mzee, na mzee siku hizi hukumbuka ya Kisumu vizuri kuliko ya jana. Hapo ndipo shida ilipokaa. Plasta ingeweza kubandikwa siku yoyote, na mtu yeyote. Deeqa angesikia kisa hiki kutoka kwa mtu aliyekwisha kudanganya mara moja.

Truphosa alitoka akamwomba Deeqa asogeze kikao mpaka atakapompigia simu. Deeqa aliangalia saa yake ya ukutani, akasema atawapa wakubwa chai, na chai yake huwa ndefu.

Kewal Singh Bhogal alikuwa amekaa kitandani, mito mitatu mgongoni, kilemba chake kimefungwa upya na mkono wa mtu mwingine, kwani kiliinama upande. Ranvir alikuwa kando yake, ameshika bakuli la uji wa hospitali ambao mzee alikataa kuutambua kama chakula. Ranvir alikuwa amelala kwenye kiti siku zote hizo. Shati lake lilisema hivyo. Alisimama kumpisha Truphosa, akamwonya kwamba baba yake mdogo huchoka upesi na kwamba madaktari wanasema usiku ule hautarudi kichwani mwake.

Truphosa aliwasha kinasa sauti, akajitambulisha kwa Kiswahili. Mzee aligeuza kichwa.

"Amalemba. Kakamega?"

"Kakamega, mzee. Upande wa Shinyalu."

"Basi nimekwisha. Kisumu nilimkimbia polisi kwa baiskeli isiyo na taa. Kumbe mmekuwa mkinifuata."

"Tulichelewa kidogo tu."

Mzee alicheka, akakohoa, akangoja kifua kitulie. Kisha aliuliza kwa nini Kwamboka haji. Truphosa alimtazama Ranvir, na Ranvir, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha majina ya vyakula na matusi ya babu yake, alisikia jina hilo akainamisha macho. Hakuwa amemwambia mzee.

Truphosa alimwambia. Alieleza bila kupamba: Kwamboka amesimamishwa, anadhaniwa ndiye aliyezima, leo wanaamua, na akifukuzwa atarudishwa kwao. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Vidole vyake vilikuwa vinakunja ncha ya shuka, vikiikunja na kuikunjua.

"Nikisema sikumbuki?"

"Hukumbuki, mzee?"

"Usiku ule sikumbuki. Hiyo ni kweli kabisa."

"Basi nitaandika hukumbuki."

"Na yule mtoto, Kwamboka?"

"Neno lake litakuwa peke yake. Sidhani litamtosha."

Mzee aliacha shuka. "Naweza kukumbuka, ukitaka. Andika nimekumbuka."

"Siwezi kuandika usichokikumbuka. Niambie unachokijua."

Muuguzi aliingia, akabadilisha chupa ya maji ya mgonjwa wa jirani, akatoka. Ranvir aliuliza kwa Kiingereza kama kuna tatizo, na mzee akamwashiria kwa kiganja angoje.

"Nikikwambia ninachokijua," alisema mzee kwa Kiswahili, sauti imeshuka, "boti yangu nitaipoteza?"

"Hilo si la polisi kuamua. Lakini nitaandika, na Ranvir atasoma."

"Huyu atasoma. Huyu husoma hata maandishi ya nyuma ya dawa."

Alimtazama kijana wa kaka yake kwa muda. Truphosa alikuwa tayari kuzima kinasa sauti na kumpa mzee siku nzima ya kufikiri, ingawa siku nzima hakuwa nayo. Hakuhitaji kufanya hivyo. Mzee alijiinua kidogo kwenye mito na kubadilisha lugha. Alizungumza Kiingereza, Kiingereza cha dereva wa basi, polepole na kwa sauti ya kufika nyuma, kama anayetaja vituo.

Alisema kwamba yeye stima ikipotea huzima. Amezima tangu akiwa mtoto Kisumu, mkono wake hufanya kabla kichwa hakijaulizwa. Mwezi wa Novemba alizima kisanduku cha Ranvir na kukaa gizani mpaka vidole vikafa. Kwamboka alimkuta, akamwashia, akamfundisha, akabandika plasta kwenye swichi. Yeye ndiye aliyemwapisha asiseme. Plasta hiyo ilimkera, na siku chache zilizopita aliibandua kwa ukucha, mchana kweupe, kwa sababu hakutaka kukumbushwa kila siku kwamba amezeeka. Hilo alilikumbuka vizuri sana.

Ranvir alikuwa ameliweka bakuli chini. Alipozungumza hakumtazama Truphosa, na alimwita mzee baba mdogo kwa lugha yao.

"Nilikununulia betri ile ili ubaki, Chacha-ji. Sikuinunua ili nikutoe."

"Najua."

"Ungeniambia mlio unakutisha, ningeuondoa. Kuna kitufe cha kuuondoa."

"Ningekuambia, ungekuja kila siku kuangalia."

"Ndiyo. Ningekuja."

Mzee alitikisa kichwa kukubali kwamba hapo ndipo penyewe. Alitazama dirishani, ambako hapakuwa na kitu isipokuwa ukuta wa jengo la pili na bomba la maji, kisha akauliza chumba kile cha Sparkhill ni cha mbele au cha nyuma. Ranvir alisema cha nyuma, basi za Stratford Road hazisikiki. Mzee alisema ameendesha basi maisha yake yote. Angependelea cha mbele, azisikie zikichelewa.

"Cha mbele ni chetu," alisema Ranvir. Akafikiri. "Tutahama."

Truphosa alimsomea mzee maelezo yake tangu mwanzo, akasahihisha mahali pawili, akachukua sahihi. Jina lilisomeka. Alipomshukuru, mzee alimwambia asimshukuru, amwahi tu yule mtoto.

Alimpigia Deeqa akiwa bado kwenye korido ya wodi. Alimweleza alichopata, kwa mpangilio: nguzo, waya zilizokunjwa, kiti, plasta, na maelezo ya mzee yaliyotiwa sahihi. Hakuficha habari ya Novemba. Deeqa aliuliza maswali mawili ya maana, akaomba nakala, akamwambia asikate simu. Truphosa alisimama karibu na mashine ya kahawa akitazama watu wakiingia na maua.

Deeqa aliporudi, sauti yake ilikuwa ya mtu aliyebishana na kushinda nusu. Kwamboka hafukuzwi. Atapewa onyo la maandishi kwa kunyamaza na kwa kudanganya, atarudishwa darasani kabla ya kupewa wazee wengine, na kwa mzee Kewal hatarudi tena. Hilo la mwisho wakubwa hawakutaka hata kulijadili. Kisha alisema Kwamboka mwenyewe yuko hapa, anataka kuzungumza.

Kulikuwa na mkwaruzo wa simu kubadilisha mikono.

"Afande. Mzee amesema mwenyewe?"

"Amesema mwenyewe."

"Alijua ataipoteza boti yake?"

"Aliniuliza kwanza. Halafu akasema kwa Kiingereza, ili Ranvir asikie."

Nyuma ya Kwamboka Truphosa alisikia vikombe vya wakubwa vikikusanywa. Kwamboka hakushukuru, na Truphosa hakutegemea.

"Yuko wodi gani?"

"Dada, umesikia walivyosema. Huruhusiwi tena kumhudumia."

"Nimesikia vizuri. Sina kazi mpaka wiki ijayo. Leo mimi ni mtu tu, na nauliza mgonjwa wangu yuko wodi gani."

Truphosa aligeuka kuangalia kibao kilichokuwa juu ya mlango, akamsomea namba.